Miaka sita ya Warren Moon nchini Kanada: tuihesabu vipi?

Mwana wa Kikwajuni (Unguja) ameuliza:

Assalaam alaykum. Naomba msaada wa wenye kuifahamu futboli ya Kimarekani, khasa historia yake ya kabla ya mwaka 2000. Vijana ninaowafundisha mpira jioni wamekuwa wakiifuatilia ligi ya NFL kila Jumapili, kwa kuwa mechi zinazoanza saa saba mchana kule New York hutufikia sisi saa mbili au saa tatu za usiku, kwa kutegemea majira ya huko. Sasa wamegawika makundi mawili kuhusu Warren Moon, kwotabeki aliyetundika daluga mwanzoni mwa mwaka 2001 akiwa na umri wa miaka 44. Kundi moja linashikilia kwamba hastahiki kuwekwa pamoja na wakubwa wa mchezo huo kwa sababu hakuwahi kucheza hata fainali moja ya Super Bowl. Kundi la pili linajibu kwamba hukumu hiyo si ya haki, kwani misimu yake sita ya mwanzo, kuanzia 1978 mpaka 1983, aliichezea klabu ya Edmonton nchini Kanada, na huko timu yake ilitwaa ubingwa mara tano mfululizo.

Ninataka kulielewa jambo lenyewe kabla sijasema neno mbele yao. Kwanza, ilikuwaje mchezaji aliyetajwa kuwa bora wa Rose Bowl, ile mechi kubwa ya vyuo vikuu, mwezi wa Januari 1978 asichaguliwe na klabu hata moja ya NFL mwaka ule ule? Pili, miaka ya Kanada ihesabiwe vipi? Suala hili la pili linatugusa sisi Wazanzibari, kwa sababu kijana anaweza kung'ara Gombani miaka mingi, na bado watu wakaanza kuhesabu mabao yake siku ile anapovuka bahari kwenda kucheza Bara.

Mwalimu wa Chake (Pemba) amejibu:

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Suala lako la kwanza ndilo lenye uzito zaidi, kwa hivyo nitakaa nalo.

Kwa wasioujua mchezo, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa kila jaribio la kushambulia. Ndiye anayewatangazia wenzake mpango, na ndiye anayeamua, ndani ya sekunde mbili tatu huku walinzi wakimjia kwa nguvu, ama aurushe, ama amkabidhi mwenzake, ama akimbie nao mwenyewe. Ni nafasi ya uongozi kabla ya kuwa nafasi ya nguvu, na kwa miongo mingi wenye klabu na makocha wa Marekani walikuwa na dhana kwamba mchezaji mweusi, hata awe hodari vipi, hafai kukabidhiwa uongozi huo. Dhana hii haikuandikwa katika kanuni yoyote. Ilipitishwa kwa lugha ya nasaha: kijana aliambiwa kwamba kasi yake ingefaa zaidi akiwa mpokeaji wa pasi au mlinzi wa nyuma, na aliyekataa nasaha hiyo alijikuta hana klabu.

Angalieni mifano miwili iliyomtangulia Moon. Mwaka 1968 Marlin Briscoe alikuwa mweusi wa kwanza wa zama za sasa kuanza mechi akiwa kwotabeki, katika klabu ya Denver, na alirusha pasi 14 za tachidauni (yaani za kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani) katika msimu wake wa kwanza. Msimu uliofuata alikuwa Buffalo, akicheza nafasi ya mpokeaji wa pasi. Kisha yuko Chuck Ealey, aliyekiongoza Chuo Kikuu cha Toledo kushinda mechi 35 bila ya kupoteza hata moja. Katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1972, ambapo klabu za NFL hupokezana kuwachagua vijana wanaotoka vyuoni, hakuna klabu iliyolitaja jina lake, akenda Kanada kuichezea Hamilton, na mwaka ule ule akatwaa Kombe la Grey, ambalo ndilo taji kuu la ligi ya huko. Kwa hivyo njia ya Kanada ilikwisha kupitiwa na wenzake kabla ya Moon.

Moon mwenyewe alizaliwa Los Angeles tarehe 18 Novemba 1956. Baba yake alifariki alipokuwa na umri wa miaka saba, na mama yake, aliyekuwa muuguzi, akalea watoto saba. Alipomaliza skuli hakupata chuo kikuu kikubwa kilichomtaka katika nafasi yake, akaanzia chuo kidogo cha West Los Angeles, kisha mwaka 1975 akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle chini ya kocha Don James. Mashabiki wa hapo hapo Seattle walimzomea kwa muda mrefu, naye akavumilia. Tarehe 2 Januari 1978 timu yake iliifunga Michigan 27 kwa 20 katika Rose Bowl, ambapo tachidauni mbili alizipata kwa kukimbia na moja kwa kurusha pasi.

Tunaposema kwamba hakuchaguliwa, tuongeze jambo moja ili tusiwapotoshe vijana. Kabla ya siku ya uchaguzi, Moon alikwisha kutambua kwamba hakuna klabu ya NFL iliyokusudia kumchukua mapema na kumwacha akiwa kwotabeki, akatia saini mkataba na Edmonton. Uchaguzi wa mwaka ule ulikuwa na raundi 12, na zote zikapita bila ya jina lake. Alikuwa na njia nyepesi ya kuingia NFL kwa kubadilisha nafasi, akaikataa. Mimi ninaiheshimu hatua hiyo kuliko rekodi zake zote za baadaye, kwa sababu aliichukua akiwa na umri wa miaka 21, wakati hakuna aliyemhakikishia kwamba angerudi.

Mzee wa Michenzani (Unguja) amejibu:

Mwalimu, umeeleza vizuri, lakini kuna jina ambalo halipaswi kuachwa nje ya mazungumzo haya, nalo ni Doug Williams. Katika uchaguzi ule ule wa 1978 Williams, ambaye ni mweusi, alichukuliwa na Tampa Bay katika raundi ya kwanza akiwa wa 17, na alichukuliwa awe kwotabeki. Miaka kumi baadaye, tarehe 31 Januari 1988, aliiongoza klabu ya NFL ya Washington kuifunga Denver 42 kwa 10 katika Super Bowl, akarusha pasi nne za tachidauni ndani ya robo moja ya mchezo na kutangazwa mchezaji bora wa fainali. Mlango basi ulikuwa umefunguka kidogo, na aliyepita ndani yake alifika mpaka mwisho.

Pia tusizikimbie hesabu. Katika mechi za kawaida za NFL ambazo Moon alizianza, timu zake zilishinda 102 na kupoteza 101. Katika hatua ya mtoano alianza mechi kumi, akashinda tatu tu. Pasi zake 233 zilinaswa na wapinzani, na kuangusha mpira kulimsumbua mpaka mwisho. Tarehe 3 Januari 1993, mjini Buffalo, Houston, klabu ya Moon ya wakati ule, ilikuwa mbele kwa 35 kwa 3 katika robo ya tatu, nayo ikafungwa 41 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Mchezaji anayewekwa katika safu ya juu kabisa haruhusu mchezo kama huo umponyoke. Mimi ninamhesabu kuwa mchezaji mkubwa, ila siwezi kumpandisha daraja kwa ajili ya dhuluma aliyotendewa. Dhuluma ni dhuluma, na ubingwa ni ubingwa.

Bint Wete (mzaliwa wa Pemba, anaishi Toronto) amejibu:

Shikamoo, Mzee wangu. Nitaanza na Doug Williams, kwa sababu habari yake inaunga mkono upande wa pili zaidi kuliko unavyodhani. Klabu iliyomchukua, Tampa Bay, ilikuwa imepoteza mechi zake zote 26 za mwanzo tangu kuanzishwa kwake mwaka 1976. Williams akaifikisha hatua ya mtoano mara tatu, huku analipwa kidogo kuliko hata baadhi ya makwotabeki wa akiba wa klabu nyingine, na baada ya msimu wa 1982 mazungumzo ya mshahara yakavunjika, akaondoka katika NFL kwa miaka kadhaa. Mlango uliofunguka kwake ulikuwa wa namna hiyo, na ubingwa wa 1988 aliupata baada ya kurudi.

Sasa nije kwenye miaka ya Kanada, maana hapa ninapoishi watu huizungumza kwa fahari, ingawa wakati mwingine fahari hiyo nayo inazidi. Mchezo wa Kanada si ule ule wa Marekani. Uwanja una urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, ilhali wa Marekani ni yadi 100 kwa yadi 53 na kidogo. Kila upande una wachezaji 12 badala ya 11. Jambo kubwa zaidi ni kwamba timu ya Kanada ina majaribio matatu tu ya kusogeza mpira yadi 10, wakati Mmarekani anayo manne. Mwenye majaribio matatu hana nafasi ya kupoteza moja kwa kukimbiza mpira yadi mbili, kwa hivyo hulazimika kurusha mara nyingi zaidi, na uwanja mpana humpa wapokeaji wake nafasi kubwa. Ndiyo maana yadi za pasi huku huwa nyingi, na ndiyo maana mtu anayechukua yadi 21,228 za Moon za Kanada na kuzijumlisha na yadi 49,325 za NFL ili apate zaidi ya 70,000 anajumlisha vipimo visivyolingana.

Hata yale makombe matano, ya 1978 mpaka 1982, yanahitaji maelezo. Katika misimu ya mwanzo Moon alikuwa akigawana nafasi na Tom Wilkinson, mkongwe ambaye Edmonton ilimtegemea kabla yake, na kocha Hugh Campbell alikuwa akiwabadilisha kwa kadiri ya mchezo. Kuwaambia vijana kwamba Moon alishinda makombe matano peke yake ni kumdhulumu Wilkinson. Lakini kufikia 1982 timu ilikuwa yake. Mwaka ule alikuwa kwotabeki wa kwanza wa kulipwa kurusha zaidi ya yadi 5,000 katika msimu mmoja, na mwaka 1983 akafika yadi 5,648 na kutajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Huwezi kuyaita hayo mazoezi ya kujiandaa kwenda Marekani. Ilikuwa kazi kamili ya mchezaji aliyekwisha kukomaa, iliyofanywa mbele ya mashabiki waliolipa viingilio, katika ligi ambayo kombe lake lilianza kugombaniwa mwaka 1909.

Mwalimu wa Chake amejibu:

Mzee wangu, ninakubali hesabu zako, ila ninaomba tuzipange kwa miaka. Moon alipotua Houston mwaka 1984, baada ya klabu kadhaa za NFL kumgombania, aliikuta timu dhaifu sana. Ilishinda mechi tatu kati ya 16 mwaka ule, tano mwaka uliofuata, na tano tena mwaka 1986. Kocha Campbell, yule yule wa Edmonton, alikuwa amepewa timu hiyo na hakumaliza msimu wake wa pili. Kiasi cha theluthi moja ya zile mechi 101 zilizopotea imo katika miaka hii mitatu. Kisha kuanzia 1987 mpaka 1993 Houston iliingia hatua ya mtoano kila mwaka, misimu saba mfululizo. Ni kweli kwamba haikuvuka raundi ya pili hata mara moja, na hilo ni doa ambalo sitalifuta.

Kuhusu Buffalo, siku ile Moon alirusha pasi 50, zikapokewa 36, akapata yadi 371 na tachidauni nne. Nne zote zilikuja katika nusu ya kwanza, na mapumziko yalifika Houston ikiongoza 28 kwa 3. Kwotabeki anakaa benchi wakati wapinzani wanaposhambulia; hawezi kumzuia Frank Reich, kwotabeki wa akiba wa Buffalo, asirushe pasi za tachidauni moja baada ya nyingine. Walinzi wa Houston ndio walioruhusu alama 35 katika nusu ya pili.

Mzee wa Michenzani amejibu:

Mwalimu, katika muda wa nyongeza Houston ndiyo iliyoupata mpira kwanza. Moon akarusha pasi ikanaswa na Nate Odomes, na dakika chache baadaye Steve Christie akapiga mkwaju wa ushindi wa Buffalo. Walinzi walikosea sana, lakini mpira wa mwisho wa Houston ulitoka katika mkono wa Moon.

Mwalimu wa Chake amejibu:

Hilo ni kweli, Mzee wangu, na ni haki liandikwe hapa. Tatizo langu ni kuuchukua mkono huo mmoja wa jioni moja na kuufanya kipimo cha misimu 23 ya kulipwa. Tarehe 16 Disemba 1990, katika uwanja wa Kansas City, mkono huo huo ulirusha yadi 527, na mpaka siku ile ni mtu mmoja tu katika historia ya NFL, Norm Van Brocklin mwaka 1951, aliyewahi kupita kiwango hicho katika mechi moja. Msimu wa 1990 alimaliza na yadi 4,689, wa 1991 na yadi 4,690. Houston ilipomwachia akenda Minnesota, na huko, akiwa amekaribia na kisha kuvuka miaka 38, alipita yadi 4,000 mara mbili tena, 1994 na 1995. Mwaka 1997 alikuwa Seattle, mji ambao alizomewa ujanani, akarusha yadi 3,678 katika msimu ambao alitimiza miaka 41.

Ninaitaja miaka hiyo ya mwisho kwa sababu moja. Mchezaji ambaye alikuwa na uwezo wa kuongoza klabu ya NFL akiwa na miaka 41, na ambaye alithibitisha Kanada kwamba alikuwa na uwezo huo akiwa na miaka 25, hakuachwa nje mwaka 1978 kwa upungufu wa kipaji. Waliomwacha walikuwa na macho ya kumwona katika Rose Bowl kama watu wengine. Kwa hivyo tunapoitafuta Super Bowl yake, tuulize pia ni klabu gani iliyokuwa na nafasi ya kumchukua katika miaka yake sita ya ujana na ikaiacha ipite.

Mwana wa Kikwajuni amejibu:

Shukran kwenu nyote. Nimefaidika zaidi ya nilivyotarajia. Ninavyoelewa sasa, vijana wangu wanagombana kwa sababu kila kundi linatumia orodha moja ya namba kana kwamba ndiyo maisha yake yote ya mchezo. Nina suala moja la ziada: waliompa heshima rasmi, waliihesabu Kanada au hawakuihesabu? Na ikiwa nitawaonyesha mechi moja tu, mngechagua ipi?

Bint Wete amejibu:

Kaka yangu, kwa heshima rasmi, Ukumbi wa Heshima wa Kanada ulimwingiza mwaka 2001. Ule wa Canton, Ohio, ambao ni wa futboli ya kulipwa kwa jumla na haukuwekewa mpaka wa NFL pekee, ulimwingiza mwaka 2006 katika mwaka wa kwanza aliostahiki kupigiwa kura, akawa kwotabeki mweusi wa kwanza wa zama za sasa kuingia humo, na pia kwotabeki wa kwanza ambaye hakupitia uchaguzi wa wachezaji wapya. Hakuna mchezaji mwengine aliyemo katika kumbi zote mbili. Wapigaji kura wa Canton walikuwa na sababu za kutosha katika misimu yake 17 ya NFL peke yake, kwa hivyo hata anayekataa kuihesabu Kanada hana hoja ya kumtoa.

Kwa mechi, wengi watakutajia zile yadi 527. Mimi ningewaonyesha fainali ya Kombe la Grey ya tarehe 22 Novemba 1981 mjini Montreal. Edmonton ilikuwa imepoteza mechi moja tu msimu mzima, na Ottawa, wapinzani wao, walikuwa wameshinda tano na kupoteza 11. Pamoja na hayo Ottawa ilifika mapumziko ikiongoza 20 kwa 1. Moon alicheza vibaya kiasi cha kutolewa, na Wilkinson akaingizwa kutuliza mchezo. Baadaye Campbell alimrudisha Moon uwanjani, naye akapata tachidauni mbili kwa miguu yake mwenyewe, mpaka matokeo yakawa sawa, na mkwaju wa Dave Cutler katika sekunde za mwisho ukaipa Edmonton ushindi wa 26 kwa 23. Waonyeshe nusu zote mbili, usiikate ile ya kwanza.

Mzee wa Michenzani amejibu:

Hiyo ya 1981 nami nitaitafuta. Msimamo wangu juu ya mtoano wa Houston ninabaki nao, na ningependa vijana wasikie pande zote mbili kama zilivyoandikwa hapa. Mwana wa Kikwajuni, ukiwaonyesha fainali hiyo waelezee kwanza habari ya majaribio matatu, la sivyo watadhani Edmonton inaupiga mpira kwa mguu mapema kwa kukata tamaa, kumbe ni kanuni ya huko inayowalazimisha.